Tabaka Lililoitwa Mrithi

Keki ilikuwa katikati ya meza, Shangazi alikuwa amekaa mwisho wa meza ndani ya gauni lake jipya, na mbele yake viti vitatu vilikuwa vitupu kama mifuko ya katikati ya mwezi. Mtu mwingine angeona huzuni. Mafuta, aliyekodiwa kupiga picha, aliona biashara.

Aliitwa Mafuta si kwa unene. Alikuwa mwembamba kama ufito. Aliitwa hivyo kwa sababu maneno yake yaliteleza, na aliyeyakanyaga alianguka chali huku akisema asante. Kazi yake ilikuwa picha za vitambulisho, kuchapa barua na kurekebisha nyuso, na ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi za nyumba hiyohiyo ya Shangazi, mahali ambapo mpangaji wa juu akishuka kwa haraka, vumbi lilianguka kwenye kompyuta. Kwa muda mrefu Mafuta alikuwa akikitamani chumba cha mbele, chenye dirisha pana linalotazama barabara. Kilikuwa kimefungwa, na ufunguo wake ulining'inia kiunoni mwa mwenye nyumba. Kila alipouliza alipewa jibu moja: chumba kile ni cha watu wangu.

Na watu wake ndio hao ambao hawakuja. Wote watatu walikuwa watoto wa kaka yake marehemu, aliowalea yeye. Siku ya kutimiza miaka sabini, mkubwa alipiga simu kusema yuko safarini kikazi. Wa pili alisema ana homa. Wa tatu hakusema kitu, alituma picha ya ua.

"Waliokuja leo nitawakumbuka," Shangazi alisema, akimkatia mpiga picha kipande kingine cha keki. "Na tuliyoahidiana hapa leo hayatapotea. Nyumba hii siwezi kwenda nayo kaburini."

Mafuta alitazama huku na huku. Chumbani walikuwemo wao wawili na saa ya ukutani. Nani alikuwa ameahidiana na nani? Akahitimisha kwamba ni uzee, akala keki.

"Picha hizo uzitunze, mwanangu," Shangazi akaongeza. "Binadamu husahau, lakini picha haisahau."

"Nitazitunza kama mboni ya jicho, mama."

Hapa inafaa kusema jambo kuhusu jicho. Mwezi uliotangulia Mafuta alikuwa amemuuzia Shangazi masomo ya kishikwambi, kile alichonunua ili achore maua ya kutarizi vitambaa. Alimwekea programu ileile aliyoitumia yeye mwenyewe, kisha akamweleza kwamba picha moja hutengenezwa kwa matabaka, kama vioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Kioo hiki kina ua, kile kina jani, na kila tabaka lina jina lake na alama ndogo ya jicho pembeni. Ukilibonyeza jicho likafumba, tabaka halionekani. Ukilibonyeza tena, linarudi. Wakati huo wote Shangazi alikuwa amefumba macho, kidevu kimegusa kifua. Mafuta akalifupisha somo. Ada hakuifupisha.

Siku iliyofuata alianza safari zake. Alianzia kwa mkubwa, karani katika ofisi moja ya mizigo, mtu aliyekuwa akitumia bahasha ileile mara mbili kwa kuigeuza nje ndani. Mafuta alimpa pole kwa kukosa sherehe, akamrudishia maneno ya Shangazi neno kwa neno, hasa lile la nyumba na kaburi. Karani akaacha kupiga mihuri.

"Mimi nilikuwa safarini," alisema.

"Najua, kaka. Lakini kwenye picha unaweza kuwa umerudi mapema."

Karani akatazama mlango, akaufunga. Akauliza bei. Aliposikia bei alishika kifua, na Mafuta akasubiri kwa heshima, kama mtu anayesimama kando mwenye msiba amalize kulia. Mwishowe walielewana.

"Na wadogo zangu je?" Karani aliuliza. "Umewaweka?"

"Siri za wateja nazificha kama watu wanavyoficha meno ya bandia. Ila ukitaka picha ambayo wao hawamo, hiyo ina bei yake. Mimi nawazima tu. Ni jicho moja, na jingine."

Karani alilipia kuzimwa kwa ndugu zake bila kushika kifua.

Wa pili, msusi mwenye saluni yake mwenyewe, alilia kwanza. Alilia kwa ajili ya Shangazi, akalia kwa ajili ya homa yake, ambayo siku ya sherehe ilikuwa imemshika akiwa katikati ya kusuka bibi harusi na wapambe wake wote. Alitaka awekwe karibu kabisa, amemshika Shangazi mkono. Mafuta hakuwa na mkono wake katika mkao huo, basi akaazima mkono wa bwana harusi mmoja kutoka faili jingine, na saa yake kubwa ya kiume ikaja nao. Wa tatu alikuwa kocha wa mazoezi ya viungo, na sharti lake lilikuwa moja: fulana isiyo na mikono. Wote wawili, walipoulizwa kuhusu kuzimwa kwa ndugu zao, walisita kidogo kama binadamu wenye utu, kisha wakalipa.

Mafuta akarudi chini ya ngazi akafanya kazi. Chini kabisa lilikuwa tabaka la ukweli, yaani Shangazi, keki na viti vitupu. Juu yake akaweka tabaka la Karani, aliyekatwa kwenye picha ya kitambulisho na kupandikizwa kwenye suti ya mtu mwingine, akalipa jina Bahili. Tabaka la msusi akaliita Machozi. La kocha akaliita Misuli. Majina hayo yalikuwa ya kujichekesha mwenyewe, maana mtu afanyaye kazi peke yake chini ya ngazi lazima ajitafutie kicheko. Akafumbua jicho moja na kufumba mawili, akachapa. Akabadilisha, akachapa. Mara ya tatu vilevile.

Ndipo wazo likamjia. Shangazi alisema waliokuja. Hakusema ndugu. Na ni nani aliyekuja? Mpiga picha huhudhuria kila sherehe na hayumo kwenye picha hata moja. Mafuta alijihurumia karibu atokwe na machozi. Akatafuta picha yake nzuri, akajikalisha kwenye kiti cha kati, uso umejaa upole, na tabaka hilo akalipa jina kwa herufi kubwa: MRITHI. Katika faili lile lote, ukiacha tabaka la chini, hilo ndilo pekee lililosema kweli, na ndilo alilolitengeneza kwa moyo wa wizi kuliko yote.

Shangazi akatuma neno: Jumapili waliohudhuria sherehe wafike, kila mmoja na picha yake, naye mpiga picha aje siku moja kabla amwekee yake kwenye kishikwambi. Mafuta alikuwa na haraka. Ilipasa ayabane matabaka yote yawe kitu kimoja kisichofunguka tena, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wengine kwa ada. Lakini mganga hajigangi. Alifumba macho ya wale watatu, akaacha la kwake wazi, akanakili faili zima kwenye kishikwambi cha Shangazi. Aliona kwamba lisiloonekana halipo.

Jumapili viti vitatu vilikaliwa, na Mafuta akakalia stuli karibu na mlango. Kila ndugu alikuwa na fremu iliyofungwa kwa gazeti, na kila mmoja alishangaa kuwaona wenzake. Fremu zikafunguliwa. Keki ilikuwa ileile, gauni lilelile, na katika kila picha mgeni alikuwa mmoja tu.

Karani alifungua mdomo kumwambia dada yake kwamba hakuwepo. Akakumbuka kwamba asiyekuwepo hawezi kujua nani hakuwepo. Akaufunga. Msusi naye aliitazama fulana ya kocha, kocha akaitazama ile saa ya kiume, na kila mmoja akameza alichotaka kusema.

"Siku ile mlikuwa wengi," Shangazi alisema kwa utulivu. "Labda hamkuonana. Basi tuanze na mliyoniahidi."

Viti vikalia.

"Mwanangu mkubwa, ulisimama hapo kando ya keki ukasema mabati mapya ya paa la jikoni ni juu yako. Niliguswa sana. Unakumbuka?"

Karani alimtazama Shangazi, akaitazama picha yake ambayo ndani yake alikuwa akitabasamu kwa shingo ya mtu mwingine. Kukana ahadi ni kukana picha.

"Nakumbuka, Shangazi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Vizuri. Usije tena ukawa bahili."

Kule mlangoni Mafuta, aliyekuwa akifurahia sana, aliacha kutabasamu. Akajiambia ni neno la kawaida tu.

Msusi, kumbe, alikuwa ameahidi kuja kupika kila Jumapili, na kulia kwa furaha siku ile alipoahidi. Akaanza kulia sasa. "Futa machozi," Shangazi alimwambia, akikazia neno hilo kidogo. Kocha akainuka, akasema yeye ana miadi, ataondoka.

"Keti, misuli wewe. Nani atakayepandisha mabati?"

Kocha akaketi. Mafuta akaanza kutokwa na jasho la kweli, lisilohitaji kupachikwa.

"Hayo ni yenu," Shangazi akaendelea. "Na mimi nilichowaahidi siku ile, nyote mnakikumbuka?"

Wote watatu waliinama mbele. Chumba cha mbele, vyumba vya juu, ua wa nyuma, kila mmoja alikuwa na lake. Hakuna aliyeweza kuuliza.

"Tunakumbuka, Shangazi," walisema kwa pamoja.

"Basi sina haja ya kurudia."

Akawakaribisha chai. Walikunywa kama watu walioshinda kitu wasichokijua. Karani aliondoka akihesabu mabati kwa vidole, na ndugu zake wakamfuata. Mafuta naye alikuwa ameshapenyeza mguu mmoja nje.

"Wewe Mafuta, rudi uketi. Hapana, si stuli. Kiti cha kati. Si ndipo ulipokaa?"

Akaketi. Shangazi aliweka kishikwambi mezani, akavaa miwani, na kwa kidole chake cha kushonea akabonyeza jicho la kwanza. Karani akajitokeza. Akabonyeza la pili, msusi akaja na mkono wake wa bwana harusi. Akabonyeza la tatu. Meza ikajaa watu, kila mmoja na kivuli kilichoelekea upande wake, kana kwamba chumbani mlikuwa na majua manne.

"Ulikuwa umelala," Mafuta alisema kwa unyonge.

"Nilikuwa nimefumba macho. Kuna tofauti, na wewe ndiye uliyenifundisha." Akayasoma majina taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Bahili. Machozi. Hili la kocha lilinichekesha. Sasa niwaite warudi niwasomee, au tuzungumze?"

Mafuta alifikiria mikono ya kocha. Akasema wazungumze.

"Mabati bila mbao hayakai. Mbao zinataka pesa, na pesa za wanangu unazo wewe."

"Mama, lile ni jasho langu."

"Jasho gani? La kubonyeza jicho moja, na jingine?" Shangazi alicheka kidogo, kisha uso wake ukalainika. "Yule mkubwa nilimbeba mgongoni, na tangu aanze kazi sijawahi kumtoa hata senti. Wewe umemtoa kwa siku moja. Nilipokuona unakula keki huku ukivihesabu viti, nilijua nimempata mkusanya michango."

Mafuta alitoa bahasha. Ilikuwa imegeuzwa nje ndani, na Shangazi aliitambua, akaipapasa kidogo kabla ya kuiweka kifuani.

"Mbona hukuwaambia tu kwamba umewagundua?" Mafuta aliuliza.

"Wangeona haya, wasirudi tena. Mtu mwenye aibu hakai kwenye kiti. Mimi nilitaka viti vikaliwe."

Jumapili iliyofuata vilikaliwa. Msusi alipika na kulalamika kuhusu moto, kocha alikuwa juu ya paa akionyesha mikono yake kwa mtaa mzima, na Karani alisimama chini akiokota misumari iliyopinda ili inyooshwe itumike tena. Waligombana, wakacheka, na mara moja msusi alisema ile siku ya sherehe haikuwa nzuri kama leo, na wote wakakubali haraka mno.

Mafuta aliitwa kupiga picha. Shangazi hakukubali asimame nyuma ya kamera. Akaiegemeza kamera kwenye birika, akataka ijipige yenyewe, na mpiga picha akaingia kwenye picha ya pamoja kwa mara ya kwanza maishani mwake, akiwa hajui aweke wapi mikono.

Walipokwisha kula, Shangazi alifungua fundo la kiunoni, akamwekea Mafuta mbele yake ufunguo wa chumba cha mbele. Mafuta akaanza kushukuru kwa maneno marefu yanayoteleza. Shangazi akamsukumia kishikwambi na kumwambia asome kwanza.

Lilikuwa faili lilelile. Bahili, Machozi na Misuli walikuwa wamefutwa kabisa, si kufumbwa. Lilibaki tabaka lake tu, jicho wazi, na jina lilikuwa limebadilishwa. Sasa liliitwa MPANGAJI, na chini ya picha, kwa herufi za kutarizi, palikuwa na tarehe ya kulipa kodi.

Mafuta alitazama jikoni. Hakuna aliyekuwa akimwona. Kwa kidole kimoja, taratibu, akajaribu kulirudisha jina lake la zamani. Halikubadilika. Akajaribu tena. Ndipo alipoona, kando ya jicho, alama ndogo ya kufuli.

Kuhusu kufuli hakuwa amemfundisha kitu.