Mboga Zangu na Ndoo ya Mabaki

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Meneja wa karakana kaja jikoni, kafunua ndoo ya mabaki. Mboga tupu. Kasema wafanyakazi wanaumwa presha, na Ijumaa akizikuta tena humo, jiko analichukua wifi yangu, yule anayeuza matunda getini. Jiko langu! Nimesali, nikapata wazo. Mboga mbele kabisa, nyama nyuma ya masufuria. Nikakaa dirishani na kipande changu cha nyama ya kukaanga kama kawaida, kuangalia foleni.

Jumanne, tarehe 4
Wameiulizia nyama, wote. Fundi wa kuchomelea, tunayemwita Chuma, alisema kinachofichwa lazima kitamu. Ndoo imejaa. Mwenyewe nikala paja dirishani, maana mawazo yanatia njaa.

Jumatano, tarehe 5
Nimebandika tangazo: Mboga Huongeza Damu. Chuma akasema mambo ya damu anayasikia hospitali, hapa kaja kula. Nikatandika kitambaa chekundu chini ya sufuria la mboga. Wifi alipita, akaguna. Kijicho hicho. Nimemwombea.

Alhamisi, tarehe 6
Muuza nyama kaleta kidogo, ikaisha kabla sijajiwekea. Njaa inauma! Nikajipakulia wali na mboga, nikakamulia limao, nikala palepale dirishani hadi nikalamba vidole. Chuma akaniangalia, akarudisha sahani yake.

“Mama, nipe hicho unachokula wewe.”

Nyuma yake foleni nzima ikataka hichohicho. Ndoo kavu! Asante Mungu, kitambaa kimefanya kazi.

Ijumaa, tarehe 7
Asubuhi wifi kanivuta pembeni.

“Wifi, nakuomba, leo kula mboga. Watu wanaangalia mdomo wako, hawaangalii kitambaa.”

Anavyolitaka jiko langu, halafu anichagulie chakula! Nimemsamehe, dini inataka hivyo. Mchana nikachagua kipande kinono, nikakaa dirishani nikitafuna taratibu, meneja aone sina wasiwasi.

Mboga hakuna aliyezigusa. Chuma alinyoosha kidole kwenye sahani yangu, akasema cha leo ni hicho. Meneja akafunua ndoo, akatazama sahani yangu, akatazama ndoo tena. Akatoa uamuzi. Jiko ni la wifi kuanzia Jumatatu, mimi nihamie kwenye matunda.

Nimelia kidogo nyuma ya stoo. Wifi akaja kunishika bega, akaniambia Jumatatu nisikose kuja kula kwake. Moyo wake mzuri, ila biashara haijui.

Jumamosi, tarehe 8
Nimefunga, nimesali, akili imefunguka. Tangu zamani yale mapapai ya wifi hayatoki, na leo nimegundua kwa nini: yanapigwa jua, hayavutii. Nanunua mwavuli mkubwa wa mistari. Nitakaa chini yake kivulini, mbele ya kila anayepita getini, nile nyama yangu kwa utulivu nikisubiri wateja.