Ombi la Kurefusha Tena Linki

Mamba, Same
Jumatatu

Kwa Asnath, binti wa marehemu kaka yangu,

Shikamoo yako nimeihesabu kuwa umeshaitoa, marahaba. Huku juu hatujambo, mvua ipo, na tangawizi imeshika vizuri.

YAH: LINKI ULIYOIFUPISHA

Nakuandikia kama baba yako mdogo, na pia kama Katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa tangawizi. Unakumbuka mnunuzi alituletea karatasi yenye linki ya fomu ya kujiandikisha kupata mbegu. Ilikuwa na herufi na alama mia moja themanini na sita. Wiki iliyopita nilikuletea hapo dukani kwako Same uitolee nakala arobaini, ili wanachama wafuatilie ninaposoma. Wewe, kwa nia njema, ukaifupisha kwenye kompyuta ikabaki herufi tisa, ukawatumia wote kwa meseji ukisema unatuokolea muda. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeshusha hadhi ya ukatibu. Jumapili tatu nilisimama nje ya kanisa baada ya ibada nikiwasomea wanachama linki, nao wakiandika. Tulipofika kwenye alama ya asilimia na ishirini, Mzee Fredrick aliuliza ni asilimia ishirini ya nini, na nani anaikata. Tulijadili mpaka saa nane mchana. Tangu kikundi kianzishwe hatujapata kikao chenye mahudhurio kama yale. Linki yako fupi waliifungua kila mtu kwake, bila hata kuniuliza.

2. Muda uliotuokolea umetumika vibaya. Jana Fredrick aliondoka kanisani mapema, akafika nyumbani akakosa la kufanya, akaenda kupima mpaka wa shamba lake na la mdogo wake Hezroni. Ndugu hawa wamekaa miaka kumi na moja bila ugomvi kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi. Leo asubuhi shauri liko kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mimi nimeitwa shahidi.

3. Hili ndilo zito, na naomba ulisome ukiwa peke yako. Mama Eliakunda, yule mjane wa ng'ambo ya mfereji, hawezi kusimama muda mrefu kwa sababu ya goti. Nilijitolea kumsomea nyumbani kwake kila Jumanne na Alhamisi. Tulikwenda herufi kumi kumi. Anaandika, chai inachemka, tunazungumza kidogo, tukirudi kwenye linki tunakuta tumepotea, tunaanza upya. Tangu mama yako mdogo atutoke, miaka sita sasa, sijafanya kazi ya ofisi yenye utulivu kama ile. Alhamisi iliyopita nilifika tukiwa tumebakiza herufi sabini, nikamkuta ameshika simu, meseji yako imefunguliwa. Akaniambia, "Basi, Katibu, naona tumemaliza." Nikasema ndiyo, tumemaliza. Nikarudi bila kukaa.

Kwa hiyo naomba uirefushe. Ikirudi mia moja themanini na sita nitashukuru, lakini Katibu yuko tayari kupokea hata mia tatu. Na kama mashine yako ina uwezo huo, iwe inabadilika kila mwezi, ili kazi isiishe.

Mfikishie mama yako salamu, na majirani zako wote hapo stendi, pamoja na yule fundi simu asiyependa kusalimiwa. Waambie tunawakumbuka.

Ni mimi baba yako mdogo,
Tumainieli
Katibu

N.B. Kabla sijamkabidhi mtu wa bodaboda barua hii, mnunuzi ameleta orodha ya waliojiandikisha, pamoja na tarehe. Wa kwanza kabisa ni Eliakunda. Alijiandikisha siku mbili kabla sijaanza kumsomea. Nimempigia kuuliza. Anasema binti yake Careen, aliye Mwanga, aliipata linki ile ile ndefu mtandaoni, akamtumia kwenye simu, naye akaibonyeza mara moja ikafunguka. Nikamuuliza, kwa nini basi aliandika herufi zote zile? Akasema, "Alhamisi uje, Katibu. Ila uje mapema."

Malalamiko yote matatu nimeyafuta. Linki iache hivyo hivyo.