Pango Lenye Pengo

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo kwenye mlango wa maktaba: Jumamosi kuna maonyesho ya gemu zilizotengenezwa na wakazi wa mtaa, na iliyo bora itatuzwa. Hatimaye. Gemu yangu ina shujaa, upanga, joka na ufunguo uliopotea. Imekosa pango tu. Kuchora sijui, shujaa mwenyewe mke wangu alimdhania birika. Lakini penye nia pana njia.

Shemeji, kaka yake mke wangu, naye anapeleka yake. Kuku anavuka barabara. Basi. Nikamuuliza kuku anafuata nini ng'ambo. Akasema hajui, ila anavuka vizuri. Nimemhurumia.

Jumanne, 5 Machi

Kazini kwetu tunatengeneza meno ya bandia. Leo nilikuwa nasugua taya la plasta, nakala ya kinywa cha mteja, taa ikalimulika kutoka ubavuni. Nikaona miamba. Nikaona vivuli. Nikaona pango.

Bosi alipotoka tu, nikapiga picha mataya yote ya kwenye rafu. Mengi yamenyooka mno, hayatishi mtu. Moja ndilo lililonisisimua: meno yamepinda, yamepandana, na katikati pengo la kupita shujaa na upanga wake. Ni la mama mkwe. Juzi alikuja kupimwa meno mapya.

Nikatafakari kama ni adabu. Sikutafakari sana.

Jumatano, 6 Machi

Shujaa anazama kwenye fizi na hatoki. Nimerekebisha. Sasa joka ndilo linalozama. Nimerekebisha tena, wakazama wote wawili.

Mke wangu kapita na nguo za kuanika, akatazama skrini, akasema pango hilo kama analifahamu. Nikasema mapango yote hufanana. Akanishauri nipeleke gemu ndogo inayofanya kazi kuliko kubwa inayogoma. Ushauri wa ukoo wa kuku.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji kapita kusalimia. Akaketi, akabadilisha mstari mmoja wa programu, shujaa akasimama imara kama mnazi. Nikamwambia mstari huo nilikuwa nimeshaushuku.

Akataja kwamba kesho mama yao atakuja kumwona kuku. Nikakumbuka pango langu ni la nani. Halafu nikajituliza: nani anakijua kinywa chake kwa ndani? Hakuna. Kesho naenda, liwalo na liwe.

Jumamosi, 9 Machi

Mkutubi aliipenda mandhari yangu, akaamua irushwe kwenye ukuta mzima. Mama mkwe aliketi mstari wa mbele. Shujaa akaingia pangoni. Watu wakaguna kwa kupendezwa. Mama mkwe akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.

"Mwanangu," akasema, "hilo la kushoto mbona lina ufa?"

Nikamwambia ni jiwe, mama.

"Jiwe hilo nililivunja kwa mfupa, siku ya harusi yako."

Mke wangu akajifunika uso. Mama mkwe akainuka, akaja mezani, akaomba kibodi. Akasema kama kuna joka kinywani mwake, atalitoa mwenyewe. Akabonyeza kila kitufe mpaka joka likafa. Watu wakampigia makofi.

Kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya chini kwamba ile ni siri ya mwili wake, na mtu huombwa ruhusa. Nikatamani ardhi inimeze. Nikaifuta picha mbele ya macho yake. Shujaa akabaki anaelea kwenye weupe mtupu, na upanga wake.

Kuku ameshika nafasi ya kwanza. Njia nzima mke wangu alitembea hatua kumi mbele yangu.

Jumapili, 10 Machi

Tumekwenda kuomba radhi. Mama mkwe amenisamehe, akaniuliza kama joka lile huwa gumu kwa kila mtu au alilegezewa yeye. Nimeapa mbele yake na mbele ya mke wangu: sitapiga tena picha kinywa cha mtu. Kiapo ni kiapo. Nitakitimiza.

Kwa hiyo gemu mpya itakuwa ya jangwani. Jangwa linataka mchanga laini, mng'ao wa jua na vichaka vichache pembezoni. Bosi husinzia kitini baada ya chakula cha mchana, kichwa wazi, upara wote dirishani.

Ngazi nimeshaazima.