Vanishi ya Kabati

Jumanne, 4 Machi
Ndiyo, nimemwambia shemeji naweza kuling'arisha tarumbeta lake! Ningesemaje siwezi, na kochi ninalolalia ni lake? Shemeji anapiga tarumbeta kwenye bendi. Limechujuka pale mkono unaposhika, mabaka kama ndizi iliyopitiliza. Jumamosi mkuu wa bendi anakagua, na mwenye tarumbeta la mabaka anasimama nyuma. Dada kanionya: nikiliharibu, nitafute pengine pa kulala. Dada naye kwa mikwara!

Jumatano, 5 Machi
Nimesugua kwa waya wa sufuria. Baka lilikuwa kiganja, sasa sahani! Fundi wa ala za muziki kanicheka mpaka kakaa chini. Eti huo si uchafu bwana mkubwa, ni vanishi imetoka, na tarumbeta linalia vilevile, liache. Liache! Fundi anayekimbia kazi! Mimi nimeshika neno moja tu: vanishi.

Alhamisi, 6 Machi
Seremala kauliza, ya kitanda au ya kabati? Nikawaza. Tarumbeta halilaliwi. Nikachukua ya kabati. Nimepaka mara tatu, haba na haba. Kahawia safi! Ukilitazama unatafuta kitasa.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Halikauki. Kutwa nalipepea kwa sinia. Dada kauliza mbona nyumba inanuka jeneza. Nimemwambia asiyejua sanaa anyamaze. Kaninyima chai.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! Mkuu kapiga kelele, tarumbeta chini! Yote yakashuka. La shemeji likabaki kifuani, na mkono juu yake. Mkuu akaja kumpokonya. Naye akanasa! Wameletwa nyumbani wote wawili, wameng'ang'ania tarumbeta moja, mlangoni wakapita ubavuubavu kama kaa. Shemeji kaniita nyau. Mkuu kaniita maneno ambayo sizijui herufi zake. Mafuta ya taa, matambara, saa mbili nzima ndipo wakabanduka. Shemeji kapangwa nyuma ya ngoma kubwa, haonekani hata kofia.

Jumapili, 9 Machi
Nimeamkia uani, juu ya gunia. Dada hana utani, kumbe. Lakini hebu fikiri: mkuu wa bendi, lijitu lile, kavuta saa mbili! Hiyo si vanishi, ni gundi ya ajabu! Haya, wewe unayechungulia daftari la watu, una kiatu kilichoachama? Lete. Kikishika, nalala kwako wiki mbili. Kisiposhika, chukua tarumbeta la shemeji.