Fundi Vitanda Anatafuta Kukosa Usingizi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeitwa! Hakuna aliyeniita bado, lakini nimeitwa.

Muongozaji wa filamu ameshuka kutoka Dar es Salaam. Anaitwa Wilbroad. Amefikia gesti ya hapa Kanyenye, mkabala na karakana yangu ya vitanda. Kijana tu, anavaa kofia hata ndani ya nyumba. Amebandika tangazo mlangoni. Filamu inaitwa Aliyebaki Njiani. Ni habari ya mpagazi wa misafara ya zamani, aliyemwacha mwenzake mgonjwa kwenye njia ya Ujiji akaahidi kumrudia. Hakurudi. Tangu hapo halali. Akili inamtoka kidogo kidogo, anasikia kengele ya mwenzake hata ndani ya chungu cha mboga. Hakuna jini, hakuna mapanga. Wilbroad anasema hofu yote imo kichwani mwa mtu. Anatafuta mwanaume wa hapa hapa Tabora, mwenye macho ya mtu asiyelala. Usaili ni Ijumaa.

Nani mwingine kama si mimi? Babu wa babu yangu alibeba mizigo mpaka Bagamoyo na kurudi. Uchungu ninao wa kutosha. Mji mzima unanidharau kwa miaka arobaini na saba, na hakuna aliyewahi kunilipa kwa hilo.

Kikwazo ni kimoja. Nalala. Nalala vizuri kuliko mtu yeyote mtaani kwetu Ipuli! Ni ugonjwa wa kazi. Kitanda nikikimaliza lazima nikijaribu.

Nimemweleza Swaumu, mke wangu. Akaniuliza habari ya ukuta. Kwake kila mazungumzo yanaishia ukutani! Ukuta wa chumba chetu ulipata ufa mvua za kwanza, mwezi wa kumi na moja, ukainama kidogo kwa ndani. Nimeuegemeza mirunda minne, miti ile ya ujenzi. Anataka niujenge upya, au basi nitoe vitanda vilivyojaa chumba cha pili ili yeye na Najiat, binti yetu wa miaka sita, wahamie huko. Vitanda kumi na kimoja! Niviweke wapi, kichwani? Nimemwambia nitajenga Jumamosi. Akasema hata mwezi wa kumi na moja nilisema Jumamosi. Kweli nilisema, ila sikutaja ipi.

Macho yake yamekuwa mabaya siku hizi. Mekundu, yameingia ndani. Nimemshauri apake wanja.

Jumanne, 4 Februari

Nimeanza mazoezi. Vikombe tisa vya kahawa chungu kwa muuza kahawa wa sokoni. Mikono ikatetemeka, nikatoboa godoro la mteja kwa msumari. Saa nane mchana nilikwenda kunyoa. Kinyozi aliniamsha saa kumi na kuniambia nimekoroma mpaka wateja wawili wamehama.

Na kuna habari mbaya. Anselm naye anataka nafasi hiyo! Anselm ni mlinzi wa bohari la tumbaku, na miaka tisa sasa anaigiza Pilato kanisani kwao kila Ijumaa Kuu. Ananawa mikono mara mbili kwa sababu watu walimpigia makofi mara ya kwanza. Alipita karakana kunijulisha kwamba yeye kukesha ni ajira yake. Nikamkumbusha kwamba tumbaku ile inalindwa na kukoroma kwake, mtaa wote unajua. Akacheka. Ana meno mazuri, mshenzi.

Alhamisi, 6 Februari

Ubunifu! Jana nilitengeneza kiti cha kukesha. Hakina mgongo, kina miguu miwili badala ya minne. Ukisinzia kinakubwaga. Ukiwa macho kinakaa.

Mbao za karakana zote ni za wateja, kwa hiyo nilichukua mirunda miwili ya ukutani. Swaumu alisimama mlangoni na ndoo yake ya vitumbua akaniuliza ninafanya nini. Nikamfafanulia kitaalamu. Ukuta haukuanguka na mirunda minne, maana yake minne ilikuwa mingi. Miwili inatosha. Alikwenda kuuweka mkono wake juu ya ufa, akauacha hapo kwa muda, kisha akaenda kuuza vitumbua.

Kiti kilifanya kazi. Kilinibwaga mara tatu. Mara ya nne sikuona haja ya kuinuka. Asubuhi nilijikuta sakafuni nimefunikwa khanga, na chini ya kichwa changu kuna mto. Swaumu alinifunika. Sijui yeye aliamka kufanya nini saa hizo. Wanawake wana mambo yao.

Nina nundu kwenye paji la uso. Nadhani inanifaa.

Ijumaa, 7 Februari

Siandiki kwa hasira. Naandika kwa kalamu ya bluu kwa sababu nyeusi nimeivunja.

Asubuhi, macho yangu meupe kama ya mtoto mchanga! Nikaona niyasaidie. Pilipili kichaa, kidogo tu, chini ya kope. Kidogo hakipo kwenye pilipili kichaa. Nilifika gesti nikishikilia ukuta. Nikasema maneno yangu yote ya mpagazi, nikayasema kwa machozi halisi, mpaka nikagundua nayasema mbele ya jokofu la soda. Wilbroad aliingia nyuma yangu, akarudi hatua tatu. Akaniuliza kwa heshima kama nimeshapita hospitali, kwa sababu ana watu wanane na wote wana macho. Nikaombwa nisubiri nje. Mbali.

Anselm akaambiwa akae kwenye benchi la ndani.

Sasa ndipo alipokuja Swaumu na vitumbua vyake. Alikuja kuuza, basi. Wilbroad alipokea kitumbua, akamtazama usoni, akasahau kukila. Akamuuliza halala tangu lini. Hivyo tu! Na Swaumu, mke wangu asiyezungumza na wageni, akamjibu. Akasema tangu mwezi wa kumi na moja. Akasema anasikiliza ukuta. Udongo kabla ya kuanguka huanza kudondoka punje punje, na yeye hulala upande wa ukuta, mkono mmoja umemshika mtoto, anasikiliza. Mvua ikinyesha anasikiliza zaidi. Mvua isiponyesha anahesabu tofali kutoka chini hadi juu na kurudi. Wakati mwingine anausikia ukuta unamwita jina, naye anajua kabisa kwamba ukuta hauiti watu. Akasema siku hizi hata barabarani anatembea mbali na nyumba za watu.

Wilbroad alivua kofia. Mimi nilikuwa dirishani, niliona kwa jicho moja lililokuwa linafunguka.

Amebadilisha filamu nzima! Sasa itakuwa habari ya mke wa mpagazi, aliyeachwa Tabora katika tembe lenye ufa, asiyelala akimngoja mume. Mwigizaji mkuu ni Swaumu. Mpagazi atatokea mwanzoni tu, anaaga, anaondoka. Nafasi hiyo amepewa Anselm.

Anselm atakuwa mume wa mke wangu! Kwa ukuta wangu! Hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, 8 Februari

Nimetulia. Nimefikiri. Anatakiwa kwa sababu ya macho. Akilala siku mbili macho yatapona, na macho yakipona watamtafuta mwingine. Kwa hiyo lazima Swaumu alale. Ni rahisi. Mimi ni fundi vitanda!

Kutwa nzima nimemtengenezea kitanda. Mninga mtupu, mbao niliyokuwa nimemfichia mteja wa Nzega. Kichwani nimechonga maua. Miaka tisa ya ndoa na hii ni mara ya kwanza namtengenezea kitanda, sikuwa nimelifikiria. Nikaongeza godoro jipya, na maziwa ya moto yenye asali.

Alipokiona alikaa pembeni yake akalia. Alipitisha kidole kwenye yale maua, moja moja. Akasema, "Baba Najiat, nilidhani hunioni." Nikaona aibu, sijui kwa nini, mbona mpango ulikuwa unakwenda vizuri. Akauliza kama tunaweza kukiweka chumba cha pili. Nikamwambia hakuna nafasi, kuna vitanda. Akatikisa kichwa taratibu, akanywa maziwa yote.

Naongeza Jumapili. Usiku alimlaza Najiat kwenye mninga wangu, na yeye akakaa chini, uso kwa ukuta. Asubuhi macho yake ni yale yale. Godoro jipya bure.

Jumatatu, 10 Februari

Wamekuja nyumbani! Wilbroad, watu wake, na Anselm amevaa kaniki ya mpagazi, tumbo liko nje. Wanatazama mahali pa kupigia picha. Wilbroad aliuona ukuta akaanza kunong'ona kama mtu aliye msikitini. Akasema watapiga picha hapa Jumatano mchana, kisha yeye mwenyewe ataleta tofali na fundi aujenge. Akasisitiza mirunda isiguswe. Swaumu alimshukuru mara tatu. Mimi hajawahi kunishukuru mara tatu mfululizo.

Nilidai jina langu liandikwe kama mwenye ukuta. Wilbroad alikubali. Hatimaye, heshima!

Baada ya kuondoka nilirudi nyuma hatua tano nikautazama kama kamera inavyotazama. Mirunda ile miwili inaharibu picha. Nani aliona tembe la zamani lenye mirunda ya dukani? Watu watacheka, na jina ni langu. Kesho jioni nitaitoa. Ni mpaka Jumatano mchana tu.

Jumatano, 12 Februari

Mvua ilianza baada ya Isha. Ukuta ulianguka kabla ya alfajiri.

Ninachokijua nimesimuliwa, maana nilikuwa nimelala. Swaumu alisikia punje za kwanza. Alimchukua Najiat pamoja na shuka, akamtoa uani, akarudi ndani, akanishika mguu akaniburuta. Nilizindukia mlangoni, mvua inanipiga kichwani, namlaani. Nyuma yangu nikasikia kishindo. Kilidumu kitambo kidogo tu.

Kulipopambazuka niliingia kutazama. Kitanda cha mninga kimevunjika vipande. Maua yamezama kwenye tope. Katikati, pale ambapo Najiat huweka kichwa, kuna tofali nne zimekaa moja juu ya nyingine. Nilikaa chini kwenye maji nikaogopa, nikaogopa kweli, mpaka nikashindwa kumwita mtu.

Kisha nikakumbuka kuwa kamera hazijafika! Tukio lenyewe limepita bila picha! Nilitoka nikamwambia Swaumu tumwahi Wilbroad kwa simu, pengine upande uliobaki unaweza kuangushwa tena mchana.

Alinitazama. Aliiona mirunda miwili imelala uani, mikavu chini ya bati, imepangwa vizuri. Alichukua sare ya shule ya Najiat, khanga tatu na ndoo ya vitumbua. Saa mbili walikuwa kwenye basi la Nzega, kwenda kwa mama yake, Puge. Najiat alinipungia mkono. Yeye hakugeuka.

Alhamisi, 13 Februari

Nimepiga simu Puge. Alipokea mama mkwe. Nikamwamkia shikamoo mara tatu ndipo akaitikia marahaba. Nikaomba kuzungumza na Swaumu. Akasema Swaumu amelala. Alifika, akala viazi viwili, akalala kwenye mkeka, tangu jana saa nane mchana. Nikasema aamshwe kidogo. Akaniambia mwanamume atakayemwamsha mwanawe leo atakutana na mchi. Kisha akanipa ujumbe alioachiwa. Swaumu atarudi siku nitakayokuwa nimejenga ukuta kwa mikono yangu. Si Wilbroad. Mimi.

Wilbroad hakukasirika. Amesema atasubiri mpaka aamke, na kama atakubali, filamu itaisha na mwanamke amelala usingizi. Watakwenda wote Puge Jumatatu. Anselm pia anakwenda. Mume wa nini tena, mtu alishaaga mwanzoni?

Jumapili, 16 Februari

Nyumba ina kuta tatu na turubai. Tofali zimekwisha letwa. Alizileta Anselm, mia mbili, kwa mkokoteni, jasho linamtoka. Akasema yuko huru leo kutwa, tukishirikiana tutamaliza kabla ya magharibi. Akasema Najiat amemuulizia baba yake kwenye simu. Kwa nini mtoto wangu anazungumza na Pilato?

Sijamjibu bado, kwa sababu jambo kubwa limetokea. Silali! Tangu Jumatano sijapata hata lepe. Nimejaribu vitanda vyote kumi na kimoja, kimoja baada ya kingine. Nikifumba macho nasikia punje za udongo zinadondoka, na hakuna ukuta wa kudondosha. Naziona zile tofali nne. Nainuka, napapasa mahali pa mtoto, pako baridi. Nimehesabu matobo ya turubai, ni thelathini na nane, nikahesabu tena.

Asubuhi nilijitazama kwenye kioo cha Swaumu. Mekundu! Yameingia ndani! Na bila pilipili! Nilikaa pale kioo mkononi nikalia kwa furaha. Naamini ni furaha.

Nimemwambia Anselm arudi na mkokoteni wake. Ukuta ukisimama mke wangu atarudi, akirudi nitalala, na nikilala haya macho yataharibika. Basi la kwanza la kesho nakwenda Puge kumwonyesha Wilbroad kabla hajapiga picha ya mwisho.

Nitajenga Jumamosi.