Maneno ya Basha Ghaleb Siku ya Kuuzindua Mji wa Mavazi ya Mtaani

Mheshimiwa Mwakilishi wa Msaidizi wa Mheshimiwa ambaye angekuwa nasi leo kama si majukumu mazito yaliyombana huko kwenye chemchemi za maji moto. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi ya Mamlaka ya Kudumu ya Muda ya Kuendeleza Mavazi ya Mtaani, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, mnayeniita Basha kwa heshima ya cheo, katibu wake ni mimi, na mjumbe aliyebaki ni shemeji yangu, simama wakuone, shemeji, haya kaa. Mgeni wetu wa heshima Bu Mishari, tajiri wa maduka ya nguo za vijana kutoka Kuwait, ambaye amepanda ndege hadi Amman na kushuka ngazi za Luweibdeh kwa miguu yake mwenyewe bila kushikwa mkono. Wazee wa mtaa. Wenye maduka ya ngazi hii. Mabinti na vijana mliokaa kwenye vidato kwa sababu viti vimeletwa nusu. Na hata wewe, paka, uliyelikalia zulia jekundu kabla yangu: amani iwe juu yenu nyote.

(Makofi. Paka haondoki.)

Ndugu wananchi, mimi si mtu wa maneno mengi. Kabla sijasema lolote, Hazza, pitisha kahawa, anza na mstari wa mbele, maana mimi ni mtoto wa nyumba ya kahawa, na nataka hili liingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Nyumbani kwa marehemu baba yangu walikuja watu wazito, watu wa posa, watu wa sulhu za damu, wakaweka finjani zao chini bila kunywa hadi haja yao ikubaliwe, na hakuna hata mmoja aliyeondoka bila kutimiziwa haja yake. Hakuna! Finjani haijawahi kupoa mbele ya ukoo wetu. Mnaweza kuulizia kuanzia hapa mpaka mpakani.

(Makofi marefu. Sauti kutoka nyuma: “Tumeisikia hiyo, Basha!” Hazza anashuka na dele lake la shaba, anamimina.)

Sasa tuingie kwenye mada. Geukeni mtazame nyuma yangu. Turubai hilo mnaloliona, refu kama ghorofa tano, lenye picha ya jengo la vioo, miti, chemchemi ya maji na watu weupe kidogo wanaotembea wakicheka, ndilo Mji wa Mavazi ya Mtaani, yaani kongani bunifu na atamizi ya kimkakati ya kuongeza mnyororo wa thamani wa fulana, hudi, yale masweta yenye kofia, raba na suruali za mifuko mingi, kwa mtazamo shirikishi, endelevu na jumuishi, kuanzia hapa Jabal Luweibdeh mpaka Riyadh, Doha, Kairo, Kasablanka na sehemu nyingine nitakazozikumbuka baadaye.

(Makofi. Mama Itidal, fundi cherehani mzee aliyekaa mstari wa mbele: “Basha, na nyuma ya turubai kuna nini?”)

Swali zuri, mama Itidal, nitalijibu kwenye majumuisho.

Wapo wanaobeza. Wanasema, Ghaleb, nani atavaa hudi zito Kuwait, jua linakaanga yai juu ya gari? Nawajibu kama mtu aliyetembea. Mimi Dubai nimefika. Nimeingia kwenye maduka yao makubwa, nikakaa humo saa nzima nikimsubiri mke wangu, na nawaambieni, kile kiyoyozi chao si kiyoyozi, ni adhabu. Meno yaligongana kama mashine ya kushonea. Mwarabu wa Ghuba anaishi ndani ya jokofu na anatoka nje kufuata gari tu! Hapo ndipo penye soko, ndugu zangu. Hudi siyo vazi la baridi, hudi ni silaha dhidi ya kiyoyozi.

(Kicheko. Bu Mishari anatikisa kichwa kukubali: “Wallahi kasema kweli huyu.”)

Mmemsikia! Utafiti wa Mamlaka yangu umeonyesha kwamba asilimia mia moja ya vijana wa Kiarabu wana migongo, na kila mgongo ni ukuta mtupu unaongoja kuandikwa. Waandike nini? Kijana wa Jeddah amechoka kuvaa fulana yenye jina la chuo asichojua kiko bara gani, amechoka kutembea na maneno ya kigeni ambayo siku moja mtu anayeyajua anamtafsiria mbele ya wakwe. Anataka maneno yake, kwa herufi zake, fulana iwe ndefu ipite kiuno ili mama yake asipige kelele, na aipate kabla ya Idi ili binamu zake waone wivu. Wakati wa Idi, Mwarabu hanunui nguo moja. Ananunua ya sala, ya kutembelea shangazi, na ya kupiga picha mbali na shangazi.

(Kicheko, miluzi.)

Na mfano tunao papa hapa. Binti yetu Rinad, simama, mwanangu, usione haya, mwenye chapa inayoitwa Daraj, yaani ngazi, kwa kuwa amezaliwa kwenye ngazi hizi na duka lake liko chini ya ngazi hizi. Angalieni hudi alilovaa. Mgongoni zimetariziwa ngazi za Amman kwa uzi mwekundu wa bibi zetu, na chini yake pameandikwa: “Nashuka sasa hivi.” Ni nani katika mji huu hajawahi kupigia kelele dirishani “nashuka sasa hivi” akiwa bado kitandani, soksi moja haionekani? Huo ni uongo wetu wa asubuhi, mtamu, wa kizalendo! Bu Mishari aliona picha yake kwenye simu ya mwanawe akacheka mpaka akaagiza mzigo wa maduka yake yote, na mzigo huo, ndugu wananchi, unatakiwa upande lori la Kuwait Alhamisi, kabla ya Idi Kubwa, na ukipita hapo atachukua kwingine, maana baada ya Idi hudi la Idi ni tambara. Makofi kwa Rinad!

(Makofi makubwa. Rinad hapigi makofi. Amebaki amesimama, finjani yake imejaa.)

Sasa mtauliza, Mamlaka imefanya nini kumsaidia binti huyu? Imefanya kazi kubwa! Tangu majira ya baridi tulimwomba yeye na wenzake watatu wapishe eneo la mradi. Tukayafunga maduka yao kwa kufuli la Mamlaka, lenye nguvu, limetoka Uturuki. Ufunguo, mmoja kwa milango yote, naulinda mimi mwenyewe, huu hapa, mfuko wa koti, upande wa moyo. Cherehani zao ziko ndani salama kabisa, hazichakai, kwa sababu hazifanyi kazi. Vitambaa vilivyokwisha kukatwa viko salama. Hayo ndiyo matunzo!

(Rinad anainama, anaiweka finjani yake chini kwenye kidato. Haijaguswa.)

Rinad, mwanangu, kahawa itapoa hiyo.

(Rinad: “Na ipoe, Basha.” Mama Itidal anaweka yake chini kando ya ile. Jirani yake anafuata. Finjani zinagonga mawe, moja, nyingine, nyingine.)

Hazza, umetia iliki nyingi? Watu hawanywi.

(Hazza: “Kahawa haina kosa, Basha. Wameweka chini.”)

Naona wameweka chini, sijapofuka. Ndugu wananchi, kuna mahali na wakati. Hii ni hafla ya kiserikali, yenye itifaki, na suala la finjani ni la barazani, kwenye mambo ya posa na magomvi. Huwezi kuniwekea finjani chini katikati ya takwimu! Nina takwimu nyingine hapa za ajira, nafasi za kazi elfu arobaini, zikiwemo za walinzi...

(Mama Itidal: “Basha, waulize watu haja yao! Baba yako angeuliza zamani.” Sauti: “Tena angeuliza amesimama!” Kicheko.)

Mama Itidal, usimwingize marehemu. Wewe ulinishonea suruali ya shule, nakuheshimu, lakini usimwingize marehemu.

(Mama Itidal: “Nilikushonea mara mbili, ya kwanza uliipasua ukiruka ukuta wa watu. Waulize!”)

Tuendelee. Ukurasa wa tisa. Changamoto za kimuundo. Bu Mishari, mgeni wetu, ndugu yetu, wewe angalau kunywa, usiwafuate hawa, hawa ni watoto wangu, tunataniana tu, ndiyo desturi ya...

(Bu Mishari anaitazama finjani yake. Anainama taratibu, kwa kuwa ana tumbo, anaiweka chini kando ya ile ya Rinad. “Abu Mithqal,” anasema, akimwita Ghaleb kwa jina la mwanawe, “nimekuja kwenu na haja. Siwezi kunywa.” Ngazi nzima inashusha pumzi.)

Lahaula.

(Paka ananyanyuka, ananusa finjani ya Bu Mishari, anarudi kwenye zulia.)

Haya. Haya! Wapiga picha, msipige hapa. Au pigeni, lakini kutoka upande wa kulia, ndio upande mzuri wa uso wangu. Mgeni ametoka Kuwait na finjani yake iko juu ya jiwe mbele ya mtoto wa nyumba yetu. Nikisema njooni ofisini kesho, leo usiku dada zangu wote wananipigia simu, na kuanzia Karak mpaka Irbid watu watasema finjani imepoa mbele ya Ghaleb. Waheshimiwa, naomba mniruhusu nitoke kidogo nje ya hotuba iliyoandaliwa. Bu Mishari, Rinad, mama Itidal, na wote mlioweka chini: haja yenu nini?

(Bu Mishari anamwonyesha Rinad kwa mkono: “Haja yangu anayo yeye.” Rinad: “Ufunguo, Basha. Tushone leo na kesho, mzigo uondoke Alhamisi. Hatutaki mji. Tunataka mlango.”)

Ufunguo tu? Mnaniacha nitokwe jasho namna hii, nadhani mnataka kichwa changu, kumbe ufunguo! Mwanangu, mimi nilidhani utaomba ukanda wa viwanda, utaomba mfuko wa uwezeshaji, nimekuandalia majibu ya hayo yote, kurasa tatu, kila jibu linaanza na “mchakato unaendelea.” La ufunguo sikuandaa.

Basi sikilizeni, na mtu wa kumbukumbu aandike kwa kalamu isiyofutika. Haja imepita! Ufunguo huu hapa, unatoka upande wa moyo unakwenda kwa wenyewe, milango yote minne, leo hii, bila fomu. Daka, Rinad! Amedaka! Mmeona alivyodaka? Huyu anaweza kuiuzia Ghuba nzima. Kunyweni kahawa yenu!

(Shangwe. Finjani zinanyanyuliwa kwa pamoja. Bu Mishari anakunywa kwa funda moja, anatikisa finjani kuonyesha ametosheka. Mama Itidal anapiga kigelegele. Kufuli linasikika likigoma, kisha likifunguka. Sauti ya Rinad kutoka ndani: “Cherehani zimejaa vumbi, leteni vitambaa vya kufutia!” Vijana wanashuka mbio.)

Msiondoke wote, utepe bado! Hazza, utepe uhamishe kutoka kwenye turubai, ufunge pale mlangoni pa Daraj. Mkasi? Nani ana mkasi? Duka zima la mafundi na mimi naulizia mkasi. Ahsante, mama. Kwa mamlaka niliyopewa na mimi mwenyewe na shemeji yangu, natamka duka hili, ambalo lilikuwepo kabla yangu, kwamba limezinduliwa rasmi! Na mimi naagiza hudi moja, saizi kubwa, hapana, kubwa kuliko hiyo. Iandikwe ile ile, “Nashuka sasa hivi,” kwa kuwa mke wangu ndiyo anayoisikia kila siku.

(Makofi, vicheko. Mama Itidal: “Utalipia kama watu wengine, Basha!”)

Nitalipia kama watu wengine. Namalizia kwa kaulimbiu zetu, tuitikie kwa sauti ifike Kuwait. Mavazi ya Mtaani!

(Umati: “Juu!”)

Migongo ya Waarabu!

(Umati: “Ni yetu!”)

Mji wa Mavazi!

(Umati wote, kwa kishindo: “Unashuka sasa hivi!”)

Hiyo ya mwisho sikuipitisha, lakini haya.

Kwa kumalizia kabisa, shukrani. Namshukuru Bu Mishari kwa kuinywa. Namshukuru Hazza na dele lake. Namshukuru mchoraji wa turubai, kijana wa mabango ya harusi, aliyechora jengo hili zuri kwa kukisia tu, kwa kuwa hakuna mtu aliyempa ramani, na hakuna mtu aliyekuwa nayo. Nawashukuru wahandisi, ambao bado hawajateuliwa. Na zaidi ya wote namshukuru bibi wa nyumba ya nyuma, aliyekubali kuanua nguo zake tangu asubuhi ili tutundike turubai letu kwenye kamba yake ya juu ya paa. Bibi, tunalishusha sasa hivi, kweli safari hii, na mashuka yako utayaanika tena kabla jua halijazama. Ahsanteni kwa kunisikiliza.