Bega la Mama Kisa

Jumatatu, 2 Juni 2025
Leo nimefungwa nyaya kama redio mbovu. Sista Tusajigwe wa mazoezi ya viungo kanibandika vibandiko vitatu begani. Waya ukaingia kwenye kikasha, mstari ukatokea kwenye simu. Msuli ukifanya kazi, mstari unapanda. Wangu ulipanda kidogo, ukalala. Nikamwambia kifaa chake kibovu. Akajibandika yeye. Mstari ukaruka juu!

Anasema misuli yangu na mishipa ya fahamu haisikilizani tena. Niinue mkono mara kumi, mstari ukianza kuyumba nipumzike. Msuli mgonjwa ukilazimishwa unazidi kudhoofu. Nikaitikia kwa kichwa. Nimepewa kifaa nikae nacho nyumbani wiki mbili, na matokeo yanamfikia Sista mwenyewe kupitia simu yangu.

Wiki mbili! Jumapili ya tarehe 15 ni sikukuu ya mavuno. Miaka kumi na mmoja mimi, Ambakisye, mzee wa kanisa, ndiye ninayeinua kikapu cha kwanza cha mpunga mbele ya madhabahu. Juu ya kichwa! Usharika mzima wa Busale unashangilia. Nisipoweza, atainua mzee mwenzangu Angetile. Siku hizi ananiulizia afya kila asubuhi. Si upendo huo.

Jumatano, 4 Juni
Mara kumi ni za watoto. Nimeinua mara sitini, tena na kikapu cha mchele mkononi. Mstari uliyumba kwenye ya kumi na mbili. Nikailaza simu kifudifudi.

Alhamisi, 5 Juni
Siwezi kushika kijiko. Mke wangu, Mama Kisa, kanilisha wali kama mtoto. Aibu gani hii! Yeye ni Mkisi wa Lyulilo, kabila la wafinyanzi, amekanda udongo wa vyungu tangu msichana, na mpaka leo analetewa udongo kutoka kwao. Ana bega huyu mwanamke! Nikawa natafuna huku nalitazama. Wazo likaja.

Ijumaa, 6 Juni
Nimemwambia Mama Kisa kwamba Sista ameagiza ndugu wa mgonjwa wapimwe pia. Akaguna, akakubali. Amekanda udongo asubuhi nzima na vibandiko kwenye bega la kulia. Mstari ulipanda ukakataa kushuka. Raha tupu!

Jumatatu, 9 Juni
Sista kapiga simu. Akauliza, kwa upole wa kutia shaka, nimefanya zoezi gani. Nikasema maombi.

Nikaenda kumweleza Angetile matokeo yangu, ili akome. Hakukoma. Alikwenda moja kwa moja kwa Mchungaji Asajile. Jioni Mchungaji kaja nyumbani kwa furaha kubwa. Anasema muujiza kama huu haufai kikapu, mwaka huu niinue debe zima. Aliyempa wazo hilo ni Angetile. Nyoka!

Jumapili, 15 Juni
Sista alikuja kanisani. Akanibandika vibandiko vyake chini ya koti, eti aone muujiza kwa macho yake.

Debe lilifika magotini. Likagoma. Jasho linanitiririka, Angetile kafumba macho kama anayeomba. Niliogopa. Si kuchekwa, hilo nimezoea. Niliogopa kwamba mkono wangu ndio umekwisha, na kesho nitalishwa, na keshokutwa pia.

Mama Kisa akatoka kwenye mabenchi ya wanawake. Akamwambia Mchungaji, kwa sauti ya sokoni, kwamba bega la muujiza ni lake na debe halimhusu mtu mwingine. Kanisa likaangua kicheko! Akamimina mpunga kidogo kutoka kwenye debe, wa kufunika kitako cha kikapu tu. Akaweka kiganja chake chini ya kiwiko changu. Tukainua. Vigelegele! Hata Angetile alipiga makofi, mawili hivi.

Jumatatu, 16 Juni
Sista kaniwekea mistari miwili. Wa ile Ijumaa, akasema, ni wa mtu asiyeumwa chochote, alijua siku ileile. Njia ya mwongo fupi. Kisha akanionyesha wa jana. Mdogo, unatetemeka. Nikasema huo nao ni wa Mama Kisa, si alinishika? Akasema hapana, vibandiko vilikuwa begani kwangu na vinasoma bega langu tu. Mke wangu alinishikilia, lakini msuli ulikuwa unafanya kazi. Mstari ulibaki juu kwa hesabu ya tisa. Siku ya kwanza ulibaki juu kwa hesabu ya nne.

Tisa! Zangu mwenyewe! Nililia mbele yake, sioni haya kuandika. Nikamshukuru kwa Kinyakyusa: ndaga, ndaga fijo. Nikaapa: mara kumi tu, kupumzika, na ujanja basi. Kaniongezea wiki mbili na kifaa.

Jumanne, 17 Juni
Nimesikia Angetile ndiye atakayebeba mti wa Krismasi kuuingiza kanisani. Tutaona.

Nimefikiri sana. Sista analijua bega la kulia la Mama Kisa. La kushoto hajawahi kuliona.